Mama Alipoanguka, Tukamlaza

Sisi ni wana watano wa mama mmoja, na nyumba yetu iko juu ya mawe ya Bugarika, jijini Mwanza, mahali ambapo mtu akitoka mlangoni huliona ziwa lote, lakini haifikii barabara mpaka ashuke ngazi zilizochongwa kwenye mwamba.

Mwaka juzi, masika yalipoanza, mama alitoka kutia udhu kwa ajili ya swala ya Alfajiri. Umri wake ulikuwa umevuka miaka 70, na sakafu ilikuwa na maji. Tulisikia mlio wa ndoo kabla hatujaisikia sauti yake.

Tulimkuta ameangukia ubavu wa kushoto. Hakulia. Alisema tu kwamba goti linamuuma. Tukamnyanyua, tukamrudisha kitandani, na kwa kuwa alilitaja goti, tukashughulika na goti. Mmoja wetu alikwenda kumwita mkandaji wa mtaa wa pili, mzee mwenye heshima zake. Akakanda goti, akakanda paja, akatuachia mafuta. Siku tatu tulikanda, na siku tatu mama aliuma pindo la kanga yake akitutazama.

Yaliyokuwa mbele ya macho yetu siku zile tuliyaelewa baadaye. Mguu wa kushoto ulionekana mfupi kuliko mwenziwe, na unyayo ulikuwa umelala kwa nje. Alipoambiwa ainue kisigino kutoka kwenye godoro, hakuweza. Alama hizo zilitosha. Maumivu ya nyonga yana hila: aghalabu hukaa kinenani, na mara nyingine husafiri na mishipa ya fahamu hadi gotini, mgonjwa akaonesha mahali pasipo na jeraha. Wapo pia wazee ambao mfupa umevunjika ukajibana wenyewe, wakaendelea kutembea wakichechemea mpaka siku unapoachia. Kwa hiyo mzee aliyeanguka, akishindwa kuukanyagia mguu au akiukanyagia kwa maumivu ya kinena, hakandwi. Hupelekwa kupigwa picha.

Siku ya nne vijana wa mtaa walimshusha ngazi zile akiwa amelazwa juu ya ubao wa mlango wa zamani, tukampeleka Bugando, hospitali iliyo juu ya kilima. Shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imevunjika na kuhama. Daktari alituchorea kwenye karatasi: kichwa cha mfupa ule hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia mishipa midogo inayopanda shingoni, na shingo ikihama mishipa hiyo hukatika, hata kuunga mfupa wa mzee kukawa ni kubahatisha. Kichwa kikaondolewa, kikawekwa cha chuma.

Tulimshukuru Mungu, tukadhani kazi imekwisha. Kesho yake asubuhi akaja binti mmoja wa mazoezi tiba, umri wake sawa na wajukuu wa mama, ameshika fremu ya chuma ya kutembelea. “Shikamoo bibi. Leo tunasimama.” Kaka yetu mkubwa alisimama kabla ya mama. Alimwambia binti yule kwa upole, lakini uso umemkaza, kwamba huyu ni mgonjwa, jana tu amepasuliwa, aachwe apumzike. Binti akajibu kwa adabu kwamba mzee aliyevunjika nyonga huuawa na kitanda mara nyingi zaidi kuliko mfupa: mapafu hushikwa na nimonia, damu huganda katika mishipa ya miguu, mgongo hutoka vidonda vya kulalia, na misuli ya paja husinyaa kwa siku chache tu. Mama akasimama. Alitetemeka, akapiga hatua nne, akarudi kitini jasho likimtoka.

Tuliporudi nyumbani, tukayavunja yote yale kwa mapenzi. Nani angekubali kumwona mama yake akijikokota kufuata maji ilhali ana watoto watano? Tulimletea chakula kitandani, tukamletea beseni la udhu, dada zetu wakamwogesha. Majirani walitusifu kwa kumtunza mzazi, nasi tukazipokea sifa hizo. Tulipomrudisha kliniki, mama alishindwa kuinuka kitini bila kushikwa mikono yote miwili. Binti yule aliuliza nani humchotea maji. Tukajitaja kwa fahari, mmoja baada ya mwingine. “Basi ninyi ndio mnaomlaza,” akasema.

Neno lile lilituchoma, na ndilo lililotufanya tuandike haya. Tangu siku hiyo kumtumikia mama kukawa ni kusimama kando yake na kuizuia mikono yetu. Asubuhi, akiwa bado amelala, alikunja na kukunjua vifundo vya miguu, akakaza msuli wa mbele ya paja na kuhesabu mpaka tano, akavuta kisigino taratibu kuelekea makalio. Kisha alishika ukingo wa meza na kuutoa mguu ubavuni, kwa kuwa misuli ya ubavu wa nyonga ndiyo izuiayo mtu asiyumbe anapokanyagia mguu mmoja. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuinuka kitini na kukaa tena. Alianza na mara tatu, na ilipita miezi miwili kabla ya kufika kumi.

Yalikuwapo makatazo pia: asikae kigodani wala mkekani, asipandanishe miguu, asiiname hata nyonga ikunjike kupita pembe mraba. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, basi mdogo wetu aliye seremala alitoboa kiti cha mbao na kukiweka juu ya tundu. Swala ndiyo iliyomliza mama, kwa kukosa kuweka paji la uso chini. Imamu wetu alikuja kumkumbusha habari za swahaba Imran bin Huswain, ambaye Mtume (s.a.w.) alimruhusu kuswali kwa kukaa, na hata kwa ubavu, ikiwa hawezi kusimama. Akaswali kitini.

Ngazi za mwamba tuliziacha mwisho. Kanuni yake ni nyepesi: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu mgonjwa pamoja na gongo. Wajukuu waliigeuza kuwa mchezo wakimfuata nyuma. Mmoja wao, mchezaji wa mpira, alikuwa akichechemea vilevile, kwani alikuwa amepigwa goti la paja uwanjani. Alipotaka kwenda kukandwa, mama ndiye aliyemkataza. Na alisema kweli: paja lililovilia damu likikandwa kwa nguvu siku za mwanzo huvuja zaidi ndani, na mara nyingine mfupa huota katikati ya msuli. Kijana aliwekewa barafu, akafungwa bendeji, kisha akalirudisha paja kazini kidogo kidogo.

Mama bado anatumia gongo, na mguu wa kushoto haujapata nguvu za mwenziwe. Alfajiri tunaamka tukamsikia akichota maji. Yeyote kati yetu akitoka kumpokea ndoo, humwambia arudi akalale, wakati wake wa kuamshwa bado.