Kompyuta ya Kudumu

Mwakani nakwenda chuoni, na mama ameuza magunia mawili ya kahawa ili nipate kompyuta ya kupakata. Wadogo zangu wawili nao wangoja karo. Basi fedha hii yaweza kununua mara moja tu.

Dukani Kampala nilionyeshwa mbili za bei sawa. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, yang'aa. Lakini kumbukumbu yake imegandishwa ndani, haiongezeki. Ya pili ni ThinkPad T480, aina iliyotoka mwaka 2018, nyeusi, nzito kidogo, iliyokwisha tumika ofisini. Mjomba, ambaye ni fundi, aliifungua. Kumbukumbu yake ina nafasi mbili, yaweza kuongezwa. Betri ni mbili: moja ya ndani, na ya nyuma hutolewa bila bisibisi. Chini mna vitundu vya kutolea maji yakimwagikia vibonye.

Mjomba akaniasa: "Mpwa wangu, usitazame jina tu. Uliza prosesa. Core i5 ya kizazi cha nane yakubaliwa na Windows 11; ya kizazi cha saba haikubaliwi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba, 2025."

Yetu ni ya kizazi cha nane. Betri ya nyuma imechoka, tukapunguziwa bei.

Wenzangu wengine waliicheka. Lakini wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mama hakuuliza rangi, aliuliza, "Itafika mwisho wa chuo?" Ninyi mnaonunua, anzeni na swali hilo.