Nyoka Mwongo wa Milima ya Kalundu



Kalundu yetu ni nyembamba. Mbele kuna bandari na ziwa Tanganyika. Nyuma, milima ya Mitumba inapanda mara moja. Shamba la mihogo, kuni, banda la kuku na nyumba vinakaribiana, na nyoka naye yuko katikati yetu.

Kuna mmoja tunayepaswa kumjua: nyoka mla-mayai. Wataalamu wanamwita Dasypeltis scabra. Kwa kawaida hafiki mita 1. Ni wa kahawia au kijivu, na mgongoni ana mabaka meusi yaliyopangwa vizuri kama maua ya kitenge. Hana sumu, na meno yake ni kama hayapo. Anakula mayai ya ndege tu. Anameza yai zima lililo kubwa kuliko kichwa chake, mifupa ya shingoni inalipasua, anakunywa kilichomo, kisha anatapika ganda.

Ukimshtua, anajikunja na kusugua magamba yake mpaka yanatoa sauti kama mafuta kwenye kikaango. Anafungua kinywa cheusi na kujirusha mbele. Anaiga nyoka mwingine mdogo, wa jamii ya kifutu, mwenye mabaka kama yake. Huyo anakula vyura, na ana sumu kweli. Ni mara chache sumu hiyo kuua, lakini inavimbisha na kuumiza sana.

Watoto darasani hupenda kusema: "Mwalimu, nyoka wa sumu ana jicho la paka." Hapa kanuni hiyo inadanganya. Mla-mayai asiye na sumu ndiye mwenye jicho la paka. Yule wa sumu ana mboni ya duara. Na mtoto anayeinama kuchungulia macho ya nyoka ameshasogea karibu mno.

Basi tuwafundishe jambo moja: ukiona nyoka yeyote, rudi nyuma, ita mtu mzima. Sisi nasi tugeuze kuni na matofali kwa fimbo kwanza, na usiku tutembee na tochi.

Mtu akiumwa, tusimchanje, tusimfunge kamba, tusipoteze muda na jiwe jeusi, halitoi sumu. Tumtulize, tumvue pete na bangili, tumzuie kutembea, tumpeleke hospitali upesi, hata kama jirani anaapa kwamba alikuwa mla-mayai tu.