Gari Likizimika Majini Keko, Usiguse Ufunguo

Masika yaingiapo Dar es Salaam, kati ya mwezi Machi na Mei, mkazi wa Keko hana haja ya kungoja redio imweleze hali ya barabara. Hutazama nje tu. Akiwaona watu wakipita viatu mkononi na suruali zimekunjwa hadi magotini, hujua kwamba bondeni kumejaa.

Keko ni jina moja la mitaa kadhaa: Keko Juu, Keko Mwanga, Keko Machungwa, Keko Toroli na Keko Magurumbasi. Iko Temeke, jirani na Chang'ombe, baina ya Barabara ya Kilwa na Barabara ya Nyerere, ambayo baadhi ya wazee wangali wakiiita Barabara ya Pugu. Wageni huijua Keko kwa mambo mawili, gereza lake na samani zake. Vitanda, makabati na makochi hupangwa kandokando ya barabara, na harufu ya mbao na vanishi humlaki mpita njia. Lakini kuna jambo la tatu, nalo ni maji. Ardhi huteremka kuelekea hori la Gerezani, ambalo ni mkono wa bahari. Mvua inyeshapo, maji ya juu hukimbilia chini. Na iwapo mitaro imezibwa na taka, maji hayo hutuama barabarani.

Si jambo la mzaha. Mwezi Desemba mwaka 2011 watu wapatao 40 walipoteza maisha katika mafuriko ya Dar es Salaam, na ilitangazwa kwamba mvua kubwa kiasi kile haikuwa imeonekana jijini tangu mwaka 1954.

Jumamosi moja ya Aprili 2024, nilikuwa nimejibanza kibarazani kwa seremala, nikingoja mvua ipungue. Ikaja pikapu ndogo imebeba kitanda na kabati, vimefunikwa turubai. Dereva, kijana wa miaka kama 25, alisita kidogo mbele ya dimbwi, kisha akakanyaga mafuta. Maji yakainuka mbele ya gari kama wimbi. Katikati ya dimbwi injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Ndugu msomaji, unajua yanayofuata. Kila aliyekuwa kibarazani aligeuka kuwa fundi. "Piga stata, kaka!" "Washa upesi, maji yataingia!" Kijana akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Toa mkono hapo!" ilisikika sauti kutoka gereji bubu iliyo chini ya mwembe, ng'ambo ya barabara. Mzee mmoja mwenye ovaroli lililojaa oili alikuwa ameingia majini, maji yakimfika magotini.

"Shikamoo mzee," alisema kijana.

"Marahaba. Tangu lizimike umeshaliwasha tena?"

"Bado, mzee. Ndiyo nilitaka."

"Basi una bahati. Tia gia huru, achia breki ya mkono, tusukume."

Tulisukuma watu sita, hata nami nililoa hadi kiunoni. Gari lilipofika pakavu, mzee alifungua boneti na kuchomoa waya wa hasi wa betri, ili umeme usije ukaunguza chochote kilicholowa. Kisha akamwita kijana gerejini, akamwonyesha chuma kilichotundikwa kwenye msumari. Kilikuwa kimepinda kama mpini wa kijiko uliokunjwa.

"Huu ni mkono wa pistoni," alisema. "Ulitoka kwenye gari lile." Akaelekeza kidole kwenye teksi iliyokuwa haina injini. Mwenyewe alizimikiwa majini wiki iliyotangulia, akapiga stata mara tatu.

Sababu yake si ngumu. Injini huvuta hewa, na mdomo wa kuvutia hewa huwa mbele ya gari, aghalabu karibu na taa. Wimbi likiufikia, injini hunywa maji badala ya hewa. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Chukua injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,600 yenye silinda nne. Ikiwa inabana hewa mara kumi, pistoni ifikapo juu kabisa huacha nafasi ya sentimita za ujazo 44 hivi, yaani vijiko vitatu vya mezani. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda. Ukiilazimisha kwa stata, kitakachoshindwa ni chuma. Injini ya dizeli hubana hewa zaidi, hivyo nafasi yake ni ndogo zaidi na hatari yake ni kubwa zaidi.

Kijana alikitazama kile chuma kwa muda mrefu. Gari halikuwa lake. Kila jioni alipaswa kupeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki ndicho kilichokuwa kikimlisha mama yake na kumsomesha mdogo wake. Injini ingevunjika, kazi nayo ingekwisha.

Mzee aliendelea bila haraka. Alifungua ea klina. Kichujio kilikuwa kimelowa chepechepe. Kingekuwa kikavu, alisema, huenda tatizo lingekuwa umeme tu, wa kukausha kwa tambara na upepo. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta na kukitazama tena. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, na gari la namna hiyo haliwashwi hata kidogo kabla oili haijamwagwa. Hii ilikuwa bado nyeusi.

Akafungua plagi zote nne, akakata umeme wa plagi na mafuta, akatuamuru tusiinamie injini. Kisha akarudisha waya wa betri na kupiga stata kidogo. Maji yaliruka kutoka kwenye matundu ya plagi hadi kwenye majani ya mwembe. Alirudia mpaka yakatoka matone, halafu hewa tupu. Akadondosha oili kidogo katika kila silinda, akakausha plagi, akabadilisha kichujio cha hewa, oili na kichujio chake. Injini ya dizeli haina plagi za namna hii. Hufunguliwa nozeli, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Ilipata saa kumi na moja jioni alipopiga stata kwa mara ya mwisho. Injini ilitetemeka, ikatoa moshi mweupe, ikatulia. Kijana hakusema neno. Aliegemea mlango akafunika uso kwa mikono.

"Bado," mzee alimwambia. "Kanyaga breki polepole mara kadhaa zikauke. Oili hii uimwage tena baada ya siku chache. Difu, gia boksi na grisi ya beringi zikaguliwe." Kwa wenye magari ya otomatiki aliongeza kwamba hayawashwi kwa kusukumwa, wala hayavutwi magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, kwani gia boksi huharibika.

Lililo bora kuliko hayo yote ni kutoingia. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kulielea gari dogo na kulichukua. Yaliyotuama nayo huficha mashimo na mitaro. Usipime kina kwa kulitazama lori lililotangulia. Lori ni refu kuliko wewe. Ukiwa huoni ukingo wa barabara, geuka.

Na sisi tusio na magari tuna sehemu yetu. Wakati tukisukuma, mguu wangu ulizama katika mtaro uliojaa randa za mbao na mifuko. Hakuna mvua iliyovileta pale. Mikono yetu ndiyo iliyovileta.

Kijana alikaza turubai upya. Kitanda kilikuwa kimeloa mguu mmoja tu, na bibi harusi alikuwa akikisubiri. Dimbwi lilikuwa limepungua, wengine wakaanza kulivuka. Yeye aligeuza gari, akapanda njia ndefu ya Keko Juu.