Beki Hayuko Kwa Daftari

Mwezi uliopita tulikuwa tunahamisha vitu vya mathe kutoka Kaptembwo, nikapata daftari langu la zamani chini ya kitanda. Jalada la bluu, pembe moja imeliwa na panya. Nilikuwa na miaka kumi nilipolianza, na kazi yake ilikuwa moja tu: kila mechi ya bro, naandika matokeo na majina ya waliofunga.

Bro alilichukua, akakalia ndoo, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Halafu akauliza, "Sasa mimi niko wapi hapa?"

Hakuwepo. Misimu mitatu, jezi nambari 4, na jina lake halikuwa limeandikwa hata mara moja. Alikuwa beki.

Daftari lilianza Februari 2004, sababu ya Tunisia. Harambee Stars walikuwa Kombe la Afrika, nahodha wao Musa Otieno, beki wa kati aliyekuwa akichezea Santos ya Cape Town. Mali walitufunga 3-1. Senegal wakatufunga 3-0. Halafu tarehe 2 tukawapiga Burkina Faso 3-0, ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya kwenye fainali hizo. Mtaa mzima ulikuwa unaimba Ake, Oliech, Baraza. Nikayaandika hayo majina matatu. Bro peke yake ndiye aliangalia upande ule mwingine. "Umeona hiyo sufuri? Tumefungwa sita kwa mechi mbili, leo hakuna. Hiyo ndiyo kazi." Sikumwelewa. Sufuri unaiimbaje?

Ndoto yake ilikuwa Ulinzi Stars. Nakuru miaka hiyo, hiyo ndiyo ilikuwa timu: wanajeshi, nyumbani Afraha, mabingwa wa ligi 2003, 2004 na 2005. Alipenda hata jina. Timu ya ulinzi na yeye mlinzi, alisema Mungu hafanyi makosa. Lakini haikuwa jina tu. Mchezaji wa Ulinzi ni askari aliyeajiriwa. Siku miguu ikichoka, sare inabaki na mshahara unaingia. Mathe hajawahi kuelewa kuotea ni nini, lakini hiyo alielewa haraka sana.

Goti lilikataa kabla ya Ulinzi kumwona. Ilikuwa 2006, uwanja wa vumbi, tunaongoza 1-0, dakika za mwisho. Krosi ikaingia, straika wao yuko peke yake, kipa wetu ameshatoka langoni. Bro akateleza, akaufikia mpira kwanza. Walianguka wawili, akaamka mmoja. Mpira ukatoka, ikawa kona. Kona yenyewe haikuzaa kitu.

Timu yake ilituletea kreti ya soda na pole. Pesa ya hospitali mathe alikopa kwa chama, akalipa mwaka mzima.

Nilitafuta siku hiyo kwa daftari. Nimeandika 1-0 na jina la aliyefunga. Basi.

Straika akifanya kazi yake, kuna kitu cha kuonyesha watu. Beki akifanya yake, hakuna kilichotokea, na ni ngumu kumshukuru mtu kwa kitu ambacho hakikutokea. Lakini akikosea mara moja, hilo kosa tutalisimulia mpaka kwa matanga yake. Nilikuwa nakaa kando ya uwanja kila Jumapili, nampenda huyu jamaa kuliko mchezaji yeyote duniani, na bado kalamu yangu ilikuwa inangoja wengine.

Siku hizi bro anaendesha matatu ya Nakuru–Naivasha. Goti bovu ni la kushoto, lile la klachi, kwa hivyo msongamano ukianza anauma meno. Halalamiki. Aliniuliza tu yuko wapi.

Nikachukua kalamu, nikakaa chini karibu na ndoo yake, tukaanza kuhesabu sufuri. Mathe akapiga kelele kwamba lori linangoja. Tukaendelea. Mechi 41, sufuri 17. Nikaandika jina lake kando ya kila moja, mara 17, na yeye anasimamia kama refa.

Tulipofika ile ya mwisho akaweka kidole kwa ukurasa.

"Hapo andika pia kona."

Nikaandika.