Hasi si sawa na tupu

Leo hakuna msimbo, leo ni biolojia. Lakini waunda programu wenzangu wataona upesi kwa nini nimelileta jambo hili hapa.

Kuna seli ziitwazo 4T1. Asili yake ni uvimbe wa titi la panya wa maabara, na Aslakson na Miller wa Detroit, Marekani, walizieleza mwaka 1992. Ukizidunga kwenye titi la panya, husambaa zenyewe hadi kwenye mapafu, ini na mifupa. Ndiyo maana watafiti huzitumia kuchunguza saratani kali ya matiti iitwayo hasi-tatu, yaani isiyo na kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni wala HER2. Dawa zinazolenga vipokezi hivyo haziifai.

Panya huyo ni kama seva ya majaribio: unajua ulichoingiza. Kwa binadamu, tunategemea ripoti ya maabara.

Sasa, kwenye hifadhidata sifuri si sawa na tupu. Sifuri ni "nimehesabu, nikakosa". Tupu ni "sijui". Kipande cha titi kikichelewa kutiwa formalini, vipokezi huharibika, na ripoti huandika "hasi" pale ambapo jibu la kweli ni "tupu". Miongozo inataka kiingie ndani ya saa 1 na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kutoka huku kwetu Kericho hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200.

Shangazi yangu, mchuma chai, aliandikiwa hasi zote tatu. Daktari mwingine akatilia shaka. Sampuli mpya ikachukuliwa, ikatiwa formalini papo hapo. Estrojeni: chanya! Sasa anameza tamoksifeni kila siku, kidonge ambacho ripoti ya kwanza ilikuwa imemnyima.

Mwaka 2014 Shahin Sayed wa Aga Khan, Nairobi, na wenzake walichapisha utafiti kutoka hospitali kadhaa za Kenya. Hasi-tatu zilikuwa takriban 1 kati ya 5, chini ya ilivyodhaniwa kuhusu Afrika.

Panya watatuletea dawa mpya, lakini lazima zimfikie mgonjwa anayestahili. Basi ukimsindikiza mama au dada hospitalini, Bomet au kwingineko, uliza: kipande kimeingia kwenye formalini saa ngapi?