Nani Aliyeuhifadhi Mkanda? Usimulizi na Imani katika Filamu ya Creep

Usimulizi wa nafsi ya kwanza humpa msomaji dhamana moja: anayesimulia amesalia. Filamu za kutisha zinazojengwa kwa mbinu ya mkanda uliookotwa huivunja dhamana hiyo, kwani mshika kamera aweza kufa na picha zake zikabaki. Hapo huzuka swali ambalo nyingi kati yazo hulikwepa: nani aliyezihifadhi picha hizo, na kwa nia gani?

Creep (2014), filamu ya Kimarekani ya gharama ndogo iliyoongozwa na Patrick Brice, imelifanya swali hilo kiini chake. Waigizaji wakuu ni wawili tu: Brice mwenyewe kama Aaron, mpiga picha za video, na Mark Duplass kama Josef. Josef anamwajiri Aaron kwa dola 1,000 za siku moja, akidai kwamba saratani itamuua kabla mwanawe hajazaliwa, hivyo ataka kumwachia kumbukumbu. Huruma inageuka shaka, shaka inageuka hofu.

Mwishoni Aaron anakubali kukutana na Josef kando ya ziwa, na anaiacha kamera garini ikinasa, iwe mlinzi na shahidi wake. Josef anamjia kwa nyuma na kumuua kwa shoka. Kisha anaonekana akiitazama picha hiyo hiyo, akimsifu marehemu kwa kutogeuka nyuma, na kuuweka mkanda kabatini pamoja na ya wengine. Kumbe tangu mwanzo hadhira imekuwa ikitazama kwa hisani ya muuaji.

Katika Dracula (1897) ya Bram Stoker, riwaya iliyoundwa kwa shajara na barua, mwovu huuteketeza mswada wa wanaomwinda. Nao wanaokolewa na nakala waliyoificha. Humo kumbukumbu ni silaha ya wanyonge. Josef hateketezi chochote. Huhifadhi, na kwa kuhifadhi anajitwalia haki ya kufasiri: imani ya Aaron anaiita upendo.

Mtazamaji naye huiita ujinga. Tafsiri hizi mbili zaonekana kupingana, lakini zote humtafutia marehemu sababu ya kifo chake ndani ya wema wake mwenyewe, na zote zimetokana na kabati moja. Uhakiki wenye utu hauna budi kuanzia kwingine: shoka lilikuwa na mwenyewe.