Jitu Mkahawani

Likoni, Jumatatu 3 Machi 2025

Nimeirudia *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, ile waliyoihariri Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2015. Kuisoma na saumu mdomoni ni mtihani! Jitu la Said Ahmed Mohamed linaingia mkahawani kwa Mzee Mago, mtaani Madongoporomoka, linaagiza chakula chote kilichopikwa, linakifyeka, kisha linaahidi kurudi kesho kula maradufu. Nilicheka barazani mpaka jirani yangu Mama Fatuma akachungulia.

"Kulikoni, mwalimu?"

Nikamsimulia. Naye akacheka, halafu akauliza, "Na hao wengine wakala nini?" Sikuwa na jibu. Muda si mrefu hadithini yanakuja mabuldoza kubomoa mtaa wao, na ndipo unapojua kuwa jitu siku ile lilikuwa likionja tu.

Jumatano 5 Machi

Swali la Mama Fatuma halijanitoka. Hapa Likoni mtu hahitaji kuelezwa maana ya kuishi kwenye ardhi isiyo na hati. Shamba la Waitiki, eka 930, lilikaliwa na maskwota miaka na miaka. Hati zilipoanza kutolewa Januari 2016, kila mmoja alitakiwa alipe Sh182,000. Kwa hivyo jitu lile tunalijua sura.

Kitabu kilipokuwa kikitahiniwa katika mtihani wa KCSE, watoto walikaririshwa maudhui, wahusika na tamathali. Kicheko hakikuwa na alama. Naona hiyo ni dhuluma kwa mwandishi. Ukikiondoa kicheko, ulafi wa wakubwa unabaki hotuba, na hotuba watu wetu wamezisikia za kutosha.

Jumamosi 8 Machi

"Masharti ya Kisasa", hadithi nyingine ya kitabu hicho, ni nyepesi zaidi: Dadi, mchuuzi wa samaki, wivu unamkwea mpaka naye anakwea ukuta usiku kumchungulia mkewe, anaporomoka. Naipenda, basi.

Lakini "Nizikeni Papa Hapa" ya Ken Walibora inanishika koo. Otii, mcheza kandanda aliyeumia akatupwa, anaomba azikwe huku huku alikoishi. Wenzake wanakataa katakata, mila ni mila, wanamsafirisha kwao. Njiani ajali, na waombolezaji wanakuwa maiti. Mzaha mchungu kama shubiri, ila hakuna neno la uongo ndani yake: ni mara ngapi maiti huchangiwa basi zima, na mgonjwa hakuchangiwa nauli ya hospitali?

Walibora mwenyewe alifariki baada ya kugongwa na gari Nairobi, Aprili 2020. Jumatatu nitawasomea Kidato cha Tatu hadithi hii yote kwa sauti, na sitawauliza maudhui.